Mtoto Akirudi Kutoka Shuleni Amenuna

Mzazi anayefungua daftari la mtoto wa Gredi ya 2 akakuta amechora nyuso nne, moja inacheka, moja imenuna, moja inalia, moja imeogopa, ana haki ya kuuliza: hisabati iko wapi?

Hisabati ipo. Ila mtoto aliyetengwa na wenzake wakati wa mapumziko hutazama ubao bila kuuona. Ndiyo maana mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa Kenya mwaka 2019, unataka mtoto ajifunze pia kuwasiliana, kushirikiana na kujiamini. Mwaka 2011 mtafiti Joseph Durlak na wenzake walichapisha uchambuzi wa programu 213 za shule zinazofundisha watoto kutambua hisia zao na kuishi vyema na wengine. Wanafunzi walizidi 270,000. Waliofundishwa hayo walifanya vizuri kuliko wenzao hata katika masomo ya kawaida.

Lakini mwalimu ana darasa zima. Kazi kubwa iko kwetu nyumbani, na huanza siku mtoto anaporudi amenuna.

Tuseme ni mvulana wa miaka minane aliyempiga mwenzake kwa sababu ya penseli, na ujumbe wa mwalimu umekufikia kwenye simu kabla yake. Ukimpokea kwa "Umefanya nini tena?" ataanza kujitetea, pengine kudanganya. Mwache avue viatu, ale kwanza. Kisha keti naye umwambie, "Hebu nieleze, ilianzaje?" Atakwambia alinyang'anywa penseli, akakasirika. Usimkatize. Mara nyingi nyuma ya hasira kuna jingine: wenzake walimcheka, akaona haya. Akifika hapo mwambie, "Kumbe uliona haya pia. Pole, mwanangu."

Sasa mweleze waziwazi kwamba kukasirika si kosa, kupiga ndilo kosa. Halafu fanyeni mazoezi. Wewe uwe aliyechukua penseli, yeye aseme, "Nirudishie, naihitaji," kwa sauti ya kusikika lakini bila kufoka. Asiporudishiwa, amwambie mwalimu. Rudieni mpaka maneno yamtoke bila kukwama. Kesho yake aende mwenyewe kumwomba mwenzake radhi. Msiyamalize ninyi wazazi kwa simu.

Wapo watakaosema huku ni kumdekeza. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto aliyechapwa akanyamaza hajui afanye nini penseli ikichukuliwa tena. Huyu anajua, na kosa lake amelirekebisha mwenyewe. Na tafadhali tuache kuwaambia wavulana kwamba mwanamume halii. Kilio kikizuiwa, hasira ndiyo inayobaki.

Watoto wengine hawapigi mtu. Huumwa tumbo kila Jumapili jioni. Hakikisha kwanza si ugonjwa. Kisha uliza mambo madogo: anakaa na nani wakati wa kula, nani humchagua mpira ukianza, njiani anapita na nani. Maswali haya yaulize mkiwa mnachambua mboga au mnatembea, kwa sababu mtoto husema mengi asipotazamwa usoni.

Naye anakutazama wewe. Ukimfokea bila sababu kwa uchovu wa kazi, mwombe msamaha kwa maneno mafupi. Hapo anajifunza jinsi mtu mzima anavyorekebisha kosa.

Kwenye kikao cha wazazi, usiishie kuuliza kama amefikia matarajio au anayakaribia. Muulize mwalimu: anacheza na nani? Akishindwa hufanyaje? Asipoelewa, huomba msaada au hujificha? Mwelezeni pia mnachofanya nyumbani, ili mtoto asikie lugha moja pande zote mbili. Na ikiwa huzuni yake inaendelea kwa wiki kadhaa, hali vizuri, halali, au ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, msisubiri muhula uishe. Ombeni kumwona mwalimu anayeshughulikia ushauri nasaha, na mpelekeni kwenye kituo cha afya.