Mheshimiwa anatuahidi faraghani, mbona mchanga unazidi kuisha?

SWALI: Wazee wetu wa Kiboko, Makueni, wamemwona mheshimiwa mara kadhaa kuhusu malori yanayozoa mchanga mtoni. Huwapokea vizuri, lakini hakuna kinachobadilika. Tufanyeje?

JIBU: Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ni vivyo hivyo. Faraghani mkubwa hupunguza hasira bila kujifunga: hakuna kumbukumbu, shahidi wala tarehe ya kujibu. Wazee nao hurudi wakishukiwa kununuliwa.

Makueni ina sheria ya mchanga tangu 2015. Daini utekelezaji wake. Andikeni ombi kwa bunge la kaunti chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, 2012, mkabaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ombeni pia orodha ya vibali vya kuzoa mchanga. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatoa siku 21 za kujibu.

Kumbukeni mvutano wa aliyekuwa Gavana wa Makueni, Kivutha Kibwana, na wawakilishi wa wadi: ombi lenye saini za wananchi lilizaa tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Mohamed Nyaoga. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuivunja serikali ya kaunti mwaka 2015, ila alijibu hadharani. Mwoneni mheshimiwa baada ya kuwasilisha ombi, si badala yake.