Chumba cha Kwanza: Haki za Kijana Mpangaji na Msaada wa Makazi mjini Winnipeg

Lengo la somo

Somo hili limeandikwa kwa wapangaji, walezi, majirani na wafanyakazi wa nyumba za malezi. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza kwa nini vijana wa Watu wa Asili hupoteza makazi kwa urahisi, kutambua masharti ya upangaji yasiyo halali, na kumwelekeza kijana mahali pa kupata msaada.

Hali ilivyo

Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, ina Watu wa Asili zaidi ya 100,000, idadi kubwa kuliko ya mji mwingine wowote wa Kanada. Wengi wao ni wa Mataifa ya Kwanza na Wametisi. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba watoto wa Asili walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wote wa Kanada walio chini ya miaka 15. Lakini miongoni mwa watoto wa umri huo waliokuwa katika malezi ya kambo, walikuwa asilimia 53.8.

Kijana anapotimiza miaka 18, ulezi wa kisheria hukoma, ingawa msaada waweza kuendelea kwa makubaliano. Mara nyingi hutoka bila cheti cha kuzaliwa, bila akaunti ya benki, na bila mtu wa kumdhamini kwa mwenye nyumba. Kijana aliyelelewa na wazazi wake akishindwa kulipa kodi hurudi nyumbani kwao. Huyu wa kwetu hana pa kurudi, na kosa dogo katika mkataba laweza kumpeleka barabarani.

Mwaka 2017 mwanazuoni Jesse Thistle, Mmetisi-Kree, alitoa tafsiri ya ukosefu wa makazi kwa Watu wa Asili wa Kanada, yenye sura 12. Kwa tafsiri hiyo, kukosa makazi ni pamoja na kutengwa na ardhi, jamaa, lugha na desturi, mbali na kukosa paa. Ndiyo sababu mfanyakazi wa msaada wa makazi hatosheki na kumpatia kijana ufunguo. Humsaidia pia kupata hati zake, humkutanisha na wazee wa jamii yake, na humtembelea baada ya kuhamia.

Haki nne za kukumbuka

1. Amana ina kikomo. Manitoba, amana ya mpangaji asiyefuga mnyama haizidi nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Tuchukue mfano wa chumba cha dola 900 kwa mwezi. Mwenye nyumba anadai dola 900 za kodi na dola 900 za amana, jumla dola 1,800. Kiasi halali ni 900 na 450, yaani dola 1,350. Dola 450 zilizozidi hazina msingi wa kisheria, na kwa kijana anayeanza maisha ni chakula cha wiki nyingi.

2. Ubaguzi hauruhusiwi. Sheria ya haki za binadamu ya jimbo humkataza mwenye nyumba kumnyima mtu chumba kwa sababu ya asili yake, umri wake, au kwa kuwa kipato chake hutokana na msaada wa serikali.

3. Hali ya chumba iandikwe. Mpangaji ana haki ya kuomba ripoti ya hali ya chumba siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kila ufa, doa na kioo kilichovunjika kiandikwe, na picha zipigwe. Bila ripoti, kijana aweza kudaiwa uharibifu alioukuta.

4. Hakuna kufukuzwa bila amri. Mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha kufuli au kutupa vitu nje kwa uamuzi wake mwenyewe. Mpangaji asipoondoka baada ya notisi, ni lazima aombe amri kwa Residential Tenancies Branch, ofisi ya jimbo inayosimamia upangaji. Hata hivyo, kuchelewesha kodi kwa siku chache tu kwaweza kumpa haki ya kutoa notisi. Kwa hiyo tatizo la fedha lisemwe mapema.

Wageni na ndugu

Suala lizaalo migogoro mingi ni wageni. Baadhi ya jumuiya za kaskazini mwa Manitoba hufikiwa kwa ndege, au kwa barabara za barafu wakati wa baridi. Watu wake huja Winnipeg kwa matibabu, shule na kazi, na hulala kwa ndugu yao mwenye chumba. Kijana aliyefundishwa kwamba jamaa hafungiwi mlango hawezi kumkatalia binamu yake usiku wa baridi kali. Wasomaji wetu wa Kiswahili wanalielewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Sheria haimkatazi mpangaji kupokea wageni. Lakini kelele, uharibifu na msongamano vyaweza kuwa sababu ya kumtoa, na mpangaji huwajibika kwa matendo ya mgeni wake. Tunashauri mambo matatu. Kwanza, kijana aulize kuhusu wageni kabla ya kutia saini. Pili, mgeni anayetarajiwa kukaa muda mrefu aelezwe kwa mwenye nyumba kwa maandishi. Tatu, kijana na mfanyakazi wake wapange mapema namna ya kumpokea ndugu kwa heshima, na mahali pa kumwelekeza chumba kikijaa. Maneno “nenda ukaonane na mfanyakazi wangu” humwondolea kijana aibu ya kusema hapana peke yake.

Mahali pa kuanzia

Namba ya simu 211 huelekeza watu kwenye huduma za jamii. Mpango wa jimbo uitwao Rent Assist husaidia wapangaji wenye kipato kidogo. Shirika la Kinew Housing limepangisha nyumba kwa familia za Watu wa Asili tangu mwaka 1970. Malalamiko ya amana, matengenezo na notisi hupelekwa Residential Tenancies Branch. Anayemsaidia kijana apate kwanza ridhaa yake kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba kwa niaba yake.

Maswali ya majadiliano

1. Mwenye nyumba anadai amana ya dola 700 kwa chumba cha dola 1,000. Kiasi kilichozidi ni kipi?
2. Kijana amekuta kufuli limebadilishwa, naye hajaona amri yoyote. Aende wapi kwanza, na achukue hati zipi?
3. Katika jamii yako, mgeni hukaa siku ngapi kabla ya kuhesabiwa mwenyeji? Mkataba wa pango unasemaje?