Sanaa za Maonyesho Kwenye Simu: Je, Bado Ni Fasihi Simulizi?

Marudio: Fasihi simulizi na teknolojia

Utangulizi

Kutoka Sumbawanga hadi Bagamoyo ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Si rahisi mwanafunzi wa Laela au Matai kupata nauli ya kwenda kutazama tamasha la kila mwaka la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), wala kuvuka bahari kwenda Unguja kwenye Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004. Lakini ukiwa na simu janja na bando, unaweza kukaa jikoni jioni ya baridi ya Juni ukatazama ngoma na maigizo kutoka mbali. Je, hicho unachokitazama bado ni fasihi simulizi?

Watahiniwa wengi hukimbilia upande mmoja. Huyu anaandika kuwa teknolojia imeua fasihi simulizi, yule kuwa imeikuza, na wote wanakosa alama kwa kutotoa ushahidi. Ili usikosee, anza na kipimo.

1. Kipimo: mambo manne

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* (1976), wanaeleza kuwa sanaa ya maonyesho huwa na mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Sasa chukua ngoma ya Nsimba ya Wafipa. Imechezwa kijijini, mtu akairekodi kwa simu na kuiweka mtandaoni. Ipime:

(a) Dhana inayotendeka. Ipo. Wimbo na miondoko bado vinabeba ujumbe.

(b) Mtendaji. Yupo, lakini hakuoni. Hawezi kuongeza ubeti kwa sababu umefurahi, wala kufupisha kwa sababu umechoka.

(c) Uwanja wa kutendea. Umekatwa. Unaona kile tu ambacho mwenye simu alikielekezea kamera. Mzee aliyekaa pembeni akiwasahihisha vijana humwoni.

(d) Watazamaji. Hapa ndipo penye badiliko kubwa. Kijijini ungepiga makofi, ungeitikia kiitikio, pengine ungeingia uwanjani kucheza. Nyumbani umebaki mtazamaji tu.

Kwa hiyo teknolojia haikuondoa sanaa yenyewe. Imetenganisha fanani na hadhira yake. Hilo ndilo wazo la kulishika.

2. Kinachopatikana

*Uhifadhi.* Zamani ghala la fasihi simulizi lilikuwa kichwa cha mwanadamu. Baadaye yakaja maandishi: Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alichapisha kitabu cha masimulizi ya Wafipa mwaka 1978. Vikaja pia vinasa sauti: mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi nyimbo na ala za muziki. Maandishi hayakubeba sauti, na kinasa sauti hakikubeba miondoko. Video inabeba vyote viwili.

*Kuenea.* Kijana wa Kifipa anayeishi Dar es Salaam au ng'ambo anaweza kuona ngoma ya kwao bila kusafiri.

*Kujifunza.* Unaweza kurudia kipande kimoja mara kumi hadi uelewe. Uwanjani hakuna kurudia.

3. Kinachopotea

Hadhira hai hupotea, pamoja na papo kwa papo ya utendaji. Fasihi simulizi hubadilika kila inapotendwa, lakini video ya leo itakuwa ileile kesho. Pia si kila mtu ana simu wala bando.

Tena, kurekodi peke yake si kuhifadhi. Niliwahi kumrekodi bibi mmoja akisimulia ngano kwa Kifipa. Niliiacha kwenye simu, nikisema nitaihamisha wiki ijayo. Simu ikaharibika. Niliporudi kijijini, bibi alikuwa ameshafariki. Ile ngano sikuipata tena. Ukiandika hoja ya uhifadhi, kumbuka kuwa kifaa nacho hufa.

4. Swali la mfano

*"Teknolojia ni rafiki na pia adui wa fasihi simulizi." Jadili kwa hoja tatu kila upande.*

Tazama aya moja ya jibu:

> Teknolojia ni adui kwa kuwa huondoa ushirikiano wa fanani na hadhira. Katika utendaji wa ana kwa ana, hadhira huitikia, huuliza na hucheza, naye fanani hubadili utendaji wake kulingana na hali hiyo. Kwa mfano, anayetazama ngoma ya Nsimba kwenye simu akiwa nyumbani hawezi kumfikishia mchezaji hisia zake papo hapo. Hivyo moja ya sifa kuu za fasihi simulizi hudhoofika.

Hesabu sehemu zake: hoja, maelezo, mfano, kisha sentensi ya kufunga. Aya isiyo na mfano ni nusu ya aya.

Tahadhari. Si kila onyesho la mtandaoni ni fasihi simulizi. Mwaka 2020, wakati wa korona, ukumbi wa National Theatre wa London uliweka maonyesho yake YouTube watu wayatazame bure nyumbani. Hayo yalitokana na tamthiliya zilizoandikwa. Ni sanaa za maonyesho, lakini chimbuko lake ni fasihi andishi.

Zoezi

1. Tazama ngoma au kichekesho kimoja mtandaoni. Kipime kwa yale mambo manne.
2. Mwonyeshe mzee wa nyumbani video ya ngoma ya kwenu. Muulize kamera imeacha nini. Andika mambo matatu atakayokutajia.
3. Kwa ruhusa yake, mrekodi akisimulia ngano moja, kisha uiandike daftarini siku hiyohiyo.
4. Jibu swali la mfano hapo juu kwa insha kamili.

Usiruke namba 3. Huenda ukapata mfano ambao mtahiniwa mwingine hana.