Oili ya Difu: Soma Dumu Kabla ya Kumimina

Je, umepata kuona lori lililokwama kwenye korongo? Gurudumu moja linazunguka bure na kurusha matope. Gurudumu la pili limetulia kama jiwe. Watu wanasukuma. Wengine wanakata matawi na kuyatupa chini ya magurudumu. Siku nyingine lori linatoka. Siku nyingine unasikika mlio mmoja mkubwa, na baada ya hapo kusukuma hakusaidii tena. Difu imevunjika.

Siku hizi barabara kubwa zinazotoka Dodoma kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Kondoa zina lami. Lakini mazao hayaoti juu ya lami. Mpunga wa Bahi unatoka kwenye udongo mweusi unaonata. Alizeti na karanga za Kongwa zinapita kwenye vumbi na mchanga. Njia kama hizo ndizo zinazoichosha difu, na oili ndiyo inayoilinda.

Difu hufanya kazi gani?

Itazame ekseli ya nyuma ya lori. Katikati yake kuna uvimbe mkubwa wa chuma kama boga. Humo ndani ndimo ilimo difu.

Kama unalima kwa maksai, kazi yake utaielewa upesi. Mkifika mwisho wa shamba mkageuka, ng'ombe wa nje hutembea hatua nyingi. Ng'ombe wa ndani hutembea hatua chache. Magurudumu ya lori nayo ni hivyo hivyo kwenye kona. Difu huyaachia yaende kila moja kwa mwendo wake, huku yote mawili yakisukumwa na injini.

Lakini ina udhaifu. Gurudumu moja likiwa kwenye matope, hilo ndilo linalozunguka, kwa sababu ni rahisi kulizungusha. Lile lililo kwenye ardhi ngumu halipati nguvu ya kutosha kulisukuma lori. Ndiyo maana malori mengine, na matrekta mengi, yana loki ya difu. Dereva akiifunga, magurudumu yote mawili huzunguka pamoja. Ifunge kabla ya kuingia kwenye matope, lori likiwa limesimama au likienda polepole sana. Usiifunge wakati gurudumu linazunguka kwa kasi. Ukitoka kwenye matope, ifungue. Ukikata kona kwenye ardhi ngumu na loki imefungwa, kitu kimoja lazima kiumie: tairi, ekseli au difu yenyewe.

Zabibu zilizochacha

Nilipokuwa kijana nilikuwa utingo wa lori la kijiji. Difu ya lori letu ilianza kulia. Kila dereva alipokanyaga mafuta ilitoa sauti kama ya nyuki ndani ya mzinga. Fundi aliifungua, akaikuta kavu nusu. Akachukua oili ya injini iliyokwisha tumika, akaijaza.

Dereva wetu alimwuliza, "Mwanangu, hii ndiyo yenyewe?"

"Mzee, oili ni oili," akajibu fundi. "Tena hii bado nzito."

Dereva hakujua kusoma. Mimi pia sikujua. Dumu la oili ya gia lilikuwa pale dukani, lakini bei yake ilitutisha.

Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua zinanyesha, na tulibeba zabibu za watu kwenda mjini. Difu ilivunjika katikati ya korongo. Tulilala pale siku mbili, tukiomba maji yasije kutoka mlimani. Zabibu zilichacha kwenye makasha. Nyuki walijaa. Wenye zabibu hawakupata kitu, na wengine wao walikuwa wamekopa fedha za dawa ya mizabibu. Meno mapya yaliagizwa Dar es Salaam. Lori lilikaa juu ya magogo msimu mzima. Kwa fedha zile tungenunua oili ya miaka mingi.

Sikumchukia yule fundi. Naye hakuwa amesoma dumu.

Mkoa huu ulikwisha kuona mashine kubwa zikishindwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga huko Kongwa. Walileta matrekta mengi, mengine yakiwa yamekwisha tumika jeshini. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu sana, nao ulikula vyuma. Vipuri havikutosha, mafundi hawakutosha, mvua nazo hazikutosha. Mwaka 1951 mradi uliachwa.

Kwa nini oili ya injini haifai?

Ndani ya difu kuna gia mbili kubwa. Ndogo huitwa pinioni, kubwa huitwa krauni. Katika difu nyingi pinioni hukaa chini kidogo ya kitovu cha krauni. Kwa hiyo meno hayasukumani tu. Huteleza moja juu ya jingine, huku yamebanwa na uzito wa mzigo wote. Oili ya kawaida hukamuliwa ikatoka katikati ya meno. Hapo chuma husaga chuma.

Oili ya difu imetiwa dawa, hasa ya salfa na fosforasi. Dawa hiyo hushika kwenye chuma na kufanya ngozi nyembamba sana. Oili ikikamuliwa, ngozi ile hubaki. Ndiyo maana oili ya gia hunuka vibaya. Harufu hiyo isikutishe.

Basi uzito peke yake si kitu cha kutazama. Watu huona namba 90 kwenye oili ya gia na namba 40 kwenye oili ya injini, wakadhani ya gia ni nzito mara mbili. Sivyo. Namba hizo zimepimwa kwa vipimo viwili tofauti. Oili ya gia namba 90 uzito wake unakaribiana na oili ya injini namba 40 au 50. Tofauti kubwa ni ile dawa.

Kusoma dumu

Sasa chukua dumu ulisome. Tafuta herufi nne: G, E, A, R. Ni neno la Kiingereza, maana yake ni gia. Kisha tafuta herufi GL. Mbele yake kuna tarakimu. Difu nyingi za malori na za Landrova hutaka GL-5. Oili yenye GL-4 ina dawa kidogo zaidi. Hiyo hutumika katika giaboksi nyingi, kwa sababu ndani ya giaboksi mna ringi za shaba, na dawa nyingine za GL-5 zinaweza kuila shaba. Kwa hiyo usimimine oili moja kila mahali kwa kuwa imebaki kwenye dumu.

Halafu soma uzito. Utaona 90, au 80W-90, au 85W-140. Namba yenye W ni ya baridi. Hata asubuhi za mwezi wa saba, ambapo sisi wa Dodoma tunajifunika mablanketi, baridi yetu si kitu mbele ya ile ya nchi za theluji. Tazama namba ya mwisho. Malori mengi yanatosheka na 90. Namba 140 ni nzito zaidi, ya mizigo mikubwa na joto kali, kama kitabu cha lori kinairuhusu. Usiweke 140 ili kuzuia oili isivuje. Sili iliyokatika dawa yake ni sili mpya.

Loki za difu nazo hazifanani. Nyingi hufunga kwa meno, na hizo zinatosheka na oili ile ile ya difu. Lakini ziko difu ambazo hujibana zenyewe kwa sahani, kama sahani za klachi. Hizo zinataka dumu lenye herufi LS. Ukiweka oili ya kawaida, sahani hushikashika na difu hugonga kwenye kona.

Na trekta? Katika matrekta mengi oili ya difu ndiyo hiyo hiyo inayonyanyua jembe. Huko oili ya difu ya lori haifai. Fuata kitabu cha trekta.

Usinunue oili iliyopimwa kwenye chupa ya maji. Chupa haisomeki. Nunua dumu lililofungwa, na utafute alama ya TBS.

Kupima na kubadilisha

Simamisha lori mahali tambarare. Futa vumbi kuzunguka kizibo cha kujazia, kisha kifungue. Ingiza kidole. Oili iwe sawa na ukingo wa chini wa tundu.

Ukitaka kubadilisha oili, fungua kizibo cha juu kwanza, kabla ya cha chini. Nimeona watu wakimwaga oili yote, halafu kizibo cha juu kikagoma kufunguka. Imwage ikiwa na moto kidogo, baada ya safari. Itazame. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma ni habari mbaya. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Maji huingiaje? Difu ya moto ikitumbukia kwenye maji ya korongo hupoa ghafla, ikavuta maji ndani. Kwa hiyo pima baada ya kuvuka, usingoje tarehe ya kubadilisha. Safisha pia tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli. Likizibwa na matope, joto huisukuma oili kupita kwenye sili hadi kwenye breki. Breki zenye oili hazishiki, na nyuma ya lori mara nyingi wamekaa watu.

Oili chafu usiimwage karibu na kisima.

Maswali

1. Kwa nini gurudumu la nje hutembea zaidi kwenye kona?
2. Difu ya lori inachukua lita 12. Dumu moja lina lita 5. Mtanunua madumu mangapi? Zitabaki lita ngapi?
3. Nani katika kijiji chenu hununua oili ya lori au ya trekta? Je, yeye husoma dumu?
4. Leteni dumu moja tupu darasani. Kila mtu asome kwa sauti herufi na tarakimu zilizoandikwa.