Kurudi Mazoezini: Choma Mafuta, Usiuze Jembe

Muhula wa pili wa mwaka wa pili nilipungua kilo 6 ndani ya wiki saba, na kila niliyekutana naye koridoni alinipongeza. Wasichojua ni kwamba nilikuwa siwezi tena kupandisha ndoo ya lita 20 hadi ghorofa ya tatu bila kupumzika kila ngazi, kwamba asubuhi moja nilianguka uwanjani nikikimbia, na kwamba hedhi ilikuwa imenipita mara mbili. Mwenzangu wa chumbani aliniletea kipimo cha mimba bila kuniuliza kitu. Kilitoka hasi, kama nilivyojua. Nilikuwa na njaa tu.

Naandika haya kwa sababu kila muhula ukianza naona watu wale wale uwanjani, wanakimbia kwa hasira wiki mbili, wanakula mlo mmoja kwa siku, kisha wanapotea. Wengi wetu si wageni wa mazoezi. Sekondari tulicheza mpira, netiboli, tulikimbia mchakamchaka. Mimi nilikuwa senta wa timu ya shule, kilo 58, naruka kama mbuzi. Kisha kikaja chuo: kukaa, kudesa usiku kucha, chipsi mayai saa nne za usiku kwa sababu ndicho kitu pekee kilicho wazi. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa kilo 71. Mtu anayerudi mazoezini ana maswali mawili kwa wakati mmoja: nipunguze mafuta kwanza au nijenge misuli kwanza? Jibu fupi ni kwamba anayerudi ana bahati ambayo mwanamichezo aliyekomaa hana. Anaweza kufanya yote mawili pamoja, lakini kwa masharti.

Tuanze na kinachotokea ndani. Ukila pungufu ya unachotumia, mwili lazima utoe nishati mahali fulani. Mafuta ni akiba yake ya benki. Misuli ni jembe lake. Mwenye nyumba akikosa hela anatoa kwanza benki, ila akiona jembe limeegemea ukutani mwaka mzima halitumiki, naye ana shida, analiuza pia. Msuli ni mali ghali kuitunza. Usipoupa kazi nzito na usipokula protini ya kuukarabati, mwili hauoni sababu ya kuung'ang'ania. Ndicho nilichofanya mimi. Nilikimbia tu na kukaa na njaa, hivyo katika zile kilo 6 nilizopongezwa kulikuwa na misuli mingi. Nilipoanza kula kawaida uzito ukarudi, kilo 70 kufikia Julai, na mwili ulikuwa mlegevu kuliko mwanzo. Kuhusu hedhi, dada zangu, ikikata wakati unajinyima chakula usiichukulie kama nafuu. Mwili unasema hauna chakula cha kutosha hata kwa kazi zake za msingi. Nenda kituo cha afya, na uongeze chakula.

Sasa ile bahati. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo walichapisha kazi waliyofanya kwa panya. Seli ya msuli ina viini vingi, na msuli ukipewa mzigo viini huongezeka. Walipouacha msuli huo usinyae, viini vilivyoongezeka havikupotea upesi kama unene wake, vilibaki. Kwa binadamu mjadala wa jambo hili bado haujaisha, lakini kocha yeyote atakuambia alichokiona: aliyewahi kuwa na nguvu huzirudisha haraka kuliko anayeanza sifuri. Kuna na jingine. Wiki za kwanza nguvu hupanda hata kabla msuli haujanenepa, kwa kuwa neva zinajifunza upya kuuita msuli kazini. Kwa hiyo usivunjike moyo kioo kisipobadilika mwezi wa kwanza.

Na chakula? Hapa kuna utafiti ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachukua vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi, wakawapunguzia nishati kwa asilimia 40 kwa wiki nne, na kuwafanyisha mazoezi makali siku sita kwa wiki. Kundi moja lilikula gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, jingine gramu 2.4. Kundi la kwanza lilipoteza kilo 3.5 za mafuta na misuli ikabaki pale pale. Kundi la pili lilipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio mafuta. Njaa ile ile, jasho lile lile, tofauti ilikuwa protini. Lakini tusidese jibu bila kusoma swali: wale walikuwa wanaume, walisimamiwa, chakula chao kilipimwa na kuandaliwa, na ilikuwa wiki nne tu. Asilimia 40 si ya kujaribia hosteli. Mapitio makubwa ya mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 49, yalionyesha kwamba kwa wanaofanya mazoezi ya nguvu faida ya protini hufika kilele karibu na gramu 1.6 kwa kilo. Hiyo ndiyo namba niliyochukua. Kwa kilo 70 ni gramu 112 kwa siku.

Najua unachowaza. Gramu 112 kwa posho ya shilingi 10,000 kwa siku, ambayo pia ni ya malazi? Mimi pia nilicheka. Julai nilipangiwa mazoezi ya kufundisha nyumbani kwetu Isongole, wiki nane, na huko ndiko nilikojaribu kwa mara ya kwanza kufanya jambo hili kwa akili.

Kwa wasiopajua, Isongole ni pale barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu inapokuwa na ukungu na magunia ya viazi pembeni. Asubuhi kuna Fuso zinapakiwa, na vijana wa kupakia ndio walimu wangu wa kwanza. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa, lile gunia lenye kilemba juu, linapita hapo, na wanalibeba mgongoni kupanda ubao. Hawana unga wa protini wa kopo, hawana vyuma. Wana ugali, maharage, mzigo, na usingizi mzito. (Migongo yao ni habari nyingine, na lumbesa ingepaswa kwisha hata kama si kwa ajili ya mkulima, kwa ajili yao.) Nilimuuliza mmoja alianzaje. Alianza na ndoo, akaja debe, akaja nusu gunia. Hakuna aliyeanza na lumbesa. Vitabu vya mazoezi vimeliandikia jambo hilo sura nzima.

Msosi ulikuwa hivi. Asubuhi mayai mawili, kila moja kama gramu 6 za protini, na kikombe cha maziwa, gramu 8. Rungwe maziwa si anasa. Mchana ugali na maharage kikombe kimoja na nusu yaliyoiva: maharage gramu 22, ugali kama 12. Msiudharau ugali, mahindi na maharage vinasaidiana, kile ambacho protini ya kimoja imepungukiwa kingine kinacho, na ndiyo maana makande ni chakula kamili kuliko tunavyoyaheshimu. Jioni usipa wakavu wa Ziwa Nyasa, gramu 40, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, pamoja na njegere kikombe na viazi vya kuchemsha au ndizi. Kabla ya kulala nusu lita ya mtindi, gramu 16. Jumla yangu ilikuwa inacheza kwenye 107. Haikufika 112 na sikulala macho kwa ajili ya gramu tano.

Kilichopungua ni mafuta ya kupikia na sukari. Kijiko kikubwa cha mafuta ni kama kilokalori 120, na hapo hujala kitu, umepaka tu sufuria. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha ni chini ya kilokalori 90. Vikaangwe viwe chipsi, gramu hizo hizo zinakaribia 300. Kiazi hakina kosa, kosa ni karai. Niliacha soda ya kila siku na vijiko viwili vya mafuta, karibu kilokalori 350 hadi 400, basi. Parachichi sikuliacha ila nilikula nusu, maana ni chakula kizuri chenye mafuta mengi, na kwetu linaanguka bure hadi mtu anasahau kwamba lina kilokalori 160 kwa kila gramu 100.

Mzigo wangu ulikuwa madumu mawili ya lita 10. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni chuma unachoweza kukiongezea uzito nusu kilo nusu kilo kwa kikombe. Jimu gani ya mjini inakupa hiyo? Jumatatu, Jumatano na Ijumaa baada ya vipindi nilifanya mambo manne: kuchuchumaa na kuinuka nimekumbatia dumu, kuinama kwa kusukuma nyonga nyuma, mgongo umenyooka, na kuinuka na madumu mawili, kuinama na kuvuta dumu hadi ubavuni, na pushapu, mikono ikiwa juu ya benchi kwa sababu chini zilinishinda. Kila moja raundi tatu, mara 8 hadi 12, na kuacha nikiwa bado na mbili au tatu mwilini. Nikifika 12 raundi zote tatu kwa utulivu, naongeza maji. Nilianza na dumu lililojaa nusu. Iliniuma kiburi, mimi niliyekuwa senta. Lakini mishipa inayoshika misuli kwenye mifupa hukaza polepole kuliko misuli yenyewe, na wanaorudi huumia kwa sababu kichwa kinakumbuka uzito wa zamani kabla goti halijakumbuka.

Bibi aliniangalia wiki nzima nikiinua madumu uani na kuyarudisha pale pale. Mwishowe akasema, "Mjukuu wangu, kama unatafuta cha kubeba, shamba lipo." Ana haki, na Jumamosi nilikwenda kuvuna viazi. Ila shamba na mazoezi havifanani kabisa. Shamba halikuongezei nusu kilo ukiwa tayari. Linakupa kilichopo siku hiyo, hata kama mgongo haujawa tayari. Jumamosi nyingine mbili tuliwapeleka wanafunzi kupanda Ngozi kutazama ziwa lililo ndani ya kreta, mlima wenye zaidi ya mita 2,600, na hiyo ikawa zamu yangu ya mapafu. Kukimbia sikukataa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Mwendo wangu wa kwenda na kurudi shuleni, kilima juu kilima chini, ulilipa sehemu kubwa.

Mizani ya zahanati ilinivunja moyo. Wiki ya tatu ilisema kilo 70, ile ile. Ningekuwa na mizani peke yake ningerudi kwenye njaa siku hiyo. Bahati nilikuwa na futi ya fundi cherehani na daftari. Kiuno kilianza sentimita 88. Mwisho wa wiki nane kilikuwa 83, uzito kilo 68, pushapu tisa chini sakafuni bila benchi, na madumu yote mawili yamejaa hadi shingoni. Ukipiga hesabu, kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo upungufu wa 350 kwa siku 56 ni kama kilo 2.5 za mafuta. Mizani ilinipa 2. Siwezi kuapa kwamba ile nusu ni misuli, maana maji ya mwilini peke yake hucheza zaidi ya hapo kwa siku. Ninachoweza kuapa ni kwamba sketi ya kufundishia niliyokuja nayo ilihitaji pini, na hedhi ilikuja kwa tarehe yake.

Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, ujauzito, au anayetoka kuugua, asichukue namba zangu kabla ya kuongea na mtaalamu wa afya. Na yule ambaye tayari ni mwembamba, anayejinyima kwa sababu ya maneno ya watu, huyu hana mafuta ya kupunguza. Abebe dumu na ale zaidi.

Nimerudi hosteli sasa. Usipa nilibeba kilo tatu kutoka nyumbani, wenzangu wanalalamika harufu lakini sufuria ikiiva hawakosekani. Jioni za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tuko watano nyuma ya bweni, kila mtu na madumu yake. Sharti ni moja tu, ukimaliza usimwage maji, Alhamisi huwa yanakata.