Kutoa Kikombe cha Baisikeli Kilichoshika Kutu

Baisikeli za mizigo zipitazo Iyunga wakati wa masika hujaa matope mpaka katikati, mahali ekseli ya pedeli inapozunguka juu ya gololi. Kila upande wa ekseli hiyo pana kikombe cha chuma kilichokazwa kwa hesi ndani ya fremu. Maji yakiingia, kikombe cha upande wa mnyororo hushika kutu, kisha hakitoki kwa maombi wala kwa matusi.

Mimi nilipata kukipiga kwa tindo na nyundo muda wa nusu saa, kuelekea kushoto kama mtu afunguavyo nati yo yote. Kumbe nilikuwa nakikaza! Yafaa msomaji ajue: katika baisikeli za namna ya Kiingereza, kikombe cha kulia kina hesi ya kinyume, nacho hufunguliwa kwa kuzungushwa kama mishale ya saa. Kama kingekuwa na hesi ya kawaida, mwendo wa gololi ungekilegeza njiani.

Kwanza toa pini za kota zishikazo mikono ya pedeli. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, wala usiitoe. Egemeza mkono wa pedeli juu ya bomba nene la chuma, ndipo upige. Usipouegemeza, kishindo hufika kwenye gololi, nazo huchimba vikombe. Kisha fungua pete na kikombe cha kushoto kwa njia ya kawaida, utoe ekseli, utie mafuta mepesi kwa ndani, ulaze baisikeli usiku kucha.

Asubuhi tafuta jiliwa imara. Karakana za magari huwa nayo. Laza baisikeli, upande wa mnyororo chini, ukibane kikombe katika zile bapa zake mbili. Sasa usizungushe kikombe: zungusha fremu yenyewe, kama mishale ya saa uitazamapo toka juu. Fremu ndefu ni mtaimbo wa bure, na kikombe kilichoishinda spana hulegea taratibu.

Kikitoka, sugua hesi za fremu kwa brashi ya waya, utie grisi na gololi mpya 11 kila upande, za robo inchi. Kikombe kipya kikikataa kuingia kwa vidole, usikilazimishe. Vikombe vya Raleigh nyingi za zamani vina meno 26 katika inchi moja, vya baisikeli nyingine nyingi 24, na kulazimisha huharibu fremu nzima. Nenda dukani na kile cha kale mkononi.