Koti la Jino la Mtoto Wako



Siku ya kupima watoto unaangalia kilo, unaangalia chanjo. Leo tunakuomba uangalie kitu kingine: kinywa. Akina mama wengi hapa Kapata wanatuambia, "Ni meno ya maziwa tu, itaanguka. Juu ya nini nisumbuke?" Kiisha wanarudi mtoto akiwa na shavu limevimba, hakulala siku tatu, hataki kula bukari. Somo hili ni la kukusaidia usifike huko.

JINO LINA KOTI

Angalia sahani ya emaye nyumbani. Juu ina koti gumu jeupe, chini ni chuma. Koti likibanduka, kutu inaingia, nayo inaendelea kula chuma kidogo kidogo. Jino liko vile. Juu lina koti gumu, chini kuna sehemu laini, na katikati kuna mshipa wenye damu na uchungu.

Vijidudu, ile tunaita mikrobe, vinakaa juu ya meno ya kila mtu. Mtoto akila sukari, vyenyewe pia vinakula, na vinatoa ukali kama wa ndimu. Ukali huo unalainisha koti.

Lakini jino linashinda sahani kwa jambo moja: koti lake linaweza kujitengeneza. Mate yana kalisi, na kila mara kinywa kikipumzika bila sukari, mate yanarudisha kalisi mahali ilipotoka. Floridi, iliyo ndani ya dawa nzuri ya meno, inasaidia kazi hiyo, na koti linalotengenezwa hivyo linakuwa gumu zaidi.

Kujitengeneza huko kuna mwisho. Mtoto akinyonya chupa ya chai ya sukari usiku kucha, au akila bombo asubuhi hadi jioni, mate hayapati nafasi. Koti linatoboka. Tundu likishafunguka, halijifungi lenyewe tena.

INUA MDOMO WA MTOTO

Mara moja kwa mwezi, mlaze mtoto kwenye magoti yako penye mwanga. Inua mdomo wa juu kwa kidole, uangalie meno karibu na ufizi.

1. Ukiona doa jeupe kama chokaa, koti limeanza kulainika. Bado linaweza kupona. Punguza sukari, piga mswaki kwa dawa yenye floridi, na uonyeshe muuguzi.

2. Ukiona doa la kahawia au tundu, mpeleke kwa munganga wa meno sasa, hata kama mtoto halii. Tundu dogo ni rahisi kuziba. Kama unangojea maumivu, mara nyingi umechelewa.

3. Shavu likivimba, au mtoto akiwa na homa, au akishindwa kumeza au kufungua kinywa, usingojee kesho. Mpeleke hospitali siku ile ile.

Kumbuka pia jino la miaka 6. Linaota nyuma kabisa, na hakuna jino linaloanguka mbele yake. Mama anafikiri ni la maziwa. Siyo! Ni jino la kudumu. Likiharibika, lingine haliji.

SIMENTI INAYOBEBA DAWA YAKE

Wengi wanaogopa munganga wa meno kwa sababu ya mashine na sindano. Jua kwamba iko njia nyingine. Ilianza hapa Afrika, nchini Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi ya munganga Mholanzi Jo Frencken, kwa ajili ya mahali pasipo umeme. Munganga anakwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono tu, kiisha anaziba tundu kwa simenti. Mara nyingi sindano haihitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilianza kuitangaza njia hii kwa nchi zote.

Simenti inayotumika inaitwa glasi-ayonoma. Alan Wilson na Brian Kent wa Uingereza waliieleza mwaka 1972. Ni unga wa kioo uliochanganywa na asidi, nayo inashika jino. Ndani yake mna floridi, na inaitoa kidogo kidogo kwa jino lililo jirani. Floridi yake ikipungua, inaweza kunyonya nyingine kutoka kwa dawa ya meno, kisha ikaitoa tena. Kwa hiyo, mama, ukimpigia mtoto mswaki, unalisha koti la jino na simenti pamoja. Usipofanya hivyo, simenti inabaki peke yake vitani.

Baada ya kuziba, mtoto asile kwa saa moja.

Iko pia dawa ya maji yenye fedha na floridi. Inapakwa kwenye tundu bila kukwangua. Fedha inaua vijidudu, floridi inakaza jino. Mahali palipooza panageuka peusi na kubaki hivyo. Usiogope, ni kazi ya dawa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hii, pamoja na simenti ile na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha ya dawa za lazima.

NA SHABA YETU?

Shaba nayo inaua vijidudu vinavyoigusa. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilikubali hivyo rasmi. Zamani waganga wa meno walitumia simenti nyeusi yenye shaba kwa meno ya watoto. Lakini sikia vizuri: jiwe la mgodi si dawa! Lina vumbi na madini mengine. Usilitie kinywani mwa mtoto, wala usimsukutulishe maji yaliyooshea madini. Usitie pia asidi ya batri au petroli kwenye tundu. Vinaunguza.

Huko ng'ambo wataalamu wanajaribu simenti yenye vifuko vidogo sana vya gundi. Ikipasuka, gundi inatoka na kuziba ufa, na dawa iliyomo inaua vijidudu. Kazi hiyo bado iko katika maabara. Usiingojee. Koti linalojitengeneza mtoto wako analo tayari.

FANYA HIVI

– Anza mswaki jino la kwanza likiota, kama miezi 6. Mara 2 kwa siku, na ya usiku usiisahau.
– Dawa ya meno: kabla ya miaka 3, kama punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kama punje moja ya njegere. Soma paketi, iwe na floridi.
– Mtoto ateme povu, asimeze.
– Usiku baada ya mswaki, maji matupu tu. Usimlaze na chupa yenye sukari.
– Kitu cha sukari kiliwe pamoja na chakula, siyo siku nzima.

MASWALI YA KUJIFUNZA PAMOJA

1. Jino linashinda sahani ya emaye kwa jambo gani?
2. Doa jeupe na tundu vinatofautiana namna gani?
3. Ni jino gani la kudumu ambalo mama anaweza kudhani ni la maziwa?

Ukimaliza kusoma, mpe jirani. Kiisha mwite mtoto, inua mdomo wake, uangalie.